Simu Niliyompigia Mama kwa Kinyakyusa

Jamani, kesho sijui nitapita wapi. Mimi ni nesi mgeni hapa Nanyamba, na mtandao wa simu unapatikana nje ya duka la Mzee Saidi tu. Jana nikampigia mama yangu huko Tukuyu, nikajiachia kwa Kinyakyusa mbele za watu:

“Mama, hapa si kwetu. Mke wa mwenye duka ananiletea ugali wa muhogo kila jioni, nami siuli, nawatupia kuku. Nirudi nyumbani?”

Nilipokata simu, Mzee Saidi akanisemesha kwa Kinyakyusa safi.

“Pole, mwanangu. Nilipokuwa kibarua kwenye mashamba ya chai huko kwenu, nami nililia hivyohivyo. Ndizi zenu nilikuwa nawapa mbuzi.”

Kisha, huku akicheka, akamwita mkewe aje asikie habari za ugali wake.