Nukta ya Mkwe

Mzee Calist hakukusudia kudanganya. Alisema neno moja tu, "Napajua," na neno lenyewe likamtoka kabla hajalipima.

Ilikuwa mwezi wa saba, na kijiji chao, huko kusini mwa Itigi, kilikuwa kinapimiwa msitu. Msitu wa huko si wa miti mirefu. Ni vichaka vilivyoshikana; mbuzi akiingia humwoni tena, unasikia kengele tu. Miaka ya karibuni vichaka hivyo vilikuwa vinaliwa, huku na wachoma mkaa, huku na mashamba ya alizeti. Kijiji kikaamua kutenga hifadhi yake, kikaomba mtaalamu wa ramani. Akaja binti mmoja, Jesca, na kifaa cha manjano kama simu nene. Ukisimama nacho mahali, kinasikilizana na setilaiti, kinaandika pale uliposimama. Kila palipoandikwa panakuwa nukta kwenye ramani, na kwa kufuata nukta hizo mpaka unachorwa. Ndani ya mpaka, hakuna kulima wala kuchoma mkaa. Nje ya mpaka, watu watagawiwa mashamba, na trekta litaingia.

Wakachaguliwa wazee watatu wa kuonyesha. Calist alitajwa wa kwanza. Alikuwa mfuga nyuki tangu ujana, na hakuna aliyeyajua mapori yale kama yeye. Siku mbili aliwaongoza bila kupotea hata hatua moja: mzinga huu, mlima ule, njia ya tembo wa zamani. Hakwenda shule, kalamu hajui kuishika, lakini binti alikuwa anaandika anayoyasema yeye. Kwa mara ya kwanza tangu amzike mke wake, miezi mitano nyuma, Calist alijisikia mtu.

Siku ya tatu Jesca akauliza, "Babu, na vyanzo vya maji? Nimesikia kina mama wakitaja chemchemi. Wanaiita Mkwe."

"Napajua," Calist akasema.

"Tungemwita mama mmoja atusindikize?"

"Wanawake wa nini? Wako kwenye mavuno. Maji ya Mkwe nimekunywa miaka arobaini na mbili."

Mzee Ezekieli, aliyekuwa naye, akacheka. "Huyu usimbishie, binti. Tumbo lake lote ni Mkwe."

Ni kweli alikuwa ameyanywa. Kila kiangazi, visima vya kijiji vikikauka, Anastazia mke wake alichukua ndoo alfajiri akasema, "Naenda kwa Mkwe." Jua likiwa limepanda anarudi, maji yanaingia mtungini, Calist anakunywa. Kuuliza yanatoka wapi hakuwahi. Maji ni kazi ya wanawake. Alichokuwa anajua ni kwamba mke wake alikuwa anashika njia ya kusini, na kusini kuna korongo ambako ng'ombe hunywa masika. Akajiambia, itakuwa hapo.

Akawapeleka korongoni. Palikuwa pakavu.

"Maji yako wapi, babu?"

"Chini ya mchanga. Ukichimba unayakuta."

Jesca akasimama juu ya mchanga mkavu, akabonyeza. Nukta ikaingia.

Wiki iliyofuata ramani ikaletwa ofisi ya kijiji, karatasi kubwa kama shuka. Jesca akawasomea watu majina, akapitisha kidole. Alipofika hapo akasema, "Chemchemi ya Mkwe, ndani ya hifadhi." Wanawake wakapiga vigelegele. Ramani hawakujua kuisoma, jina wakalisikia, wakaridhika. Mtendaji wa kijiji, Benson, akatangaza kuwa mkutano mkuu wa kuipitisha utakuwa Jumamosi.

Pale nje Dorika akamfuata Calist. Dorika ndiye aliyekuwa akienda majini pamoja na Anastazia tangu wote wawili wakiwa maharusi.

"Shemeji, umeniaibisha! Mimi nilidhani mguu wako haujawahi kukanyaga kwa Mkwe. Marehemu naye alikuwa anasema hivyo hivyo. Kumbe ulikuwa unakwenda kwa siri?"

Calist akaguna.

"Mungu akupe umri," Dorika akasema. "Sasa hata tukivuka barabara ya mkokoteni hatutakuta trekta limetutangulia."

Tukivuka. Neno lile lilimwingia kama mwiba wa kichaka. Barabara ya mkokoteni aliiona kwenye ramani, ilikuwa kama uzi mweupe. Korongo liko huku. Ng'ambo ya uzi kumepakwa rangi ya mashamba. Mkwe alikuwa nje ya mpaka, na aliyemtoa ni yeye.

Hakula vizuri siku hiyo. Kesho yake alimvizia Jesca akiwa peke yake ofisini. Binti akainuka. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ile nukta ya maji. Isogeze kidogo."

"Kidogo upande gani?"

Calist akaangalia karatasi. "Huko ng'ambo."

"Ng'ambo wapi, babu? Kinachoonekana kidogo hapa, kule ni saa nzima ya kutembea. Na nukta haisogezwi kwa mdomo. Lazima mtu afike pale asimame." Akamtazama. "Kwani tulikosea?"

"Hapana," Calist akasema. Akatoka.

Alijionea haya hata mbele ya kuku wake mwenyewe. Uongo wa kwanza ulikuwa wa majivuno. Huu wa pili ulikuwa wa woga, na mzee mwoga ni aibu ya nyumba. Angeweza kwenda kwa Dorika akauliza njia. Lakini kuuliza ni kukiri, na kilichokuwa kinamchoma si ramani peke yake. Kiangazi kilichopita Anastazia alimwomba. Kiuno kilikuwa kimeanza kumkataa. Alisimama mlangoni na ndoo, akasema, "Baba, leo nisindikize kwa Mkwe na baiskeli. Nitakuonyesha njia." Calist akamjibu, "Watu watanionaje?" Anastazia akaenda peke yake. Hakumwomba tena. Mvua zilipoanza alikuwa hainuki kitandani, na mwezi wa pili wakamzika.

Jumamosi watu walijaa. Benson akasoma, akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kunyoosha mikono. Akarudia. Calist akasimama. Akajishika kwenye bega la Ezekieli.

"Mkwe hayuko pale," akasema.

"Unasemaje, mzee?"

"Pale nilipowapeleka ni korongo la ng'ombe. Mkwe sipajui. Sijawahi kufika."

Kicheko kilianzia kwa vijana kikaenda mpaka nyuma. "Tumbo lote ni Mkwe!" mtu akapiga kelele, na Ezekieli akageuza uso pembeni. Mwingine akasema, "Mfuga nyuki kapotea njia ya ndoo!" Calist hakukaa. Alikuwa amekuja kuchekwa.

Dorika hakucheka. Alisimama polepole, akafunga kanga kiunoni. "Kwa hiyo trekta lingetufukia chemchemi, na wewe umenyamaza siku nne nzima tangu ramani isomwe?"

"Nilinyamaza."

"Miaka yote ile, shemeji. Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Dorika akamgeukia Jesca. "Binti, chukua kisimu chako. Twende."

Walikwenda wanawake saba. Calist hakualikwa, akafuata nyuma, na hakuna aliyemfukuza. Walivuka barabara ya mkokoteni, wakapita kwenye vilima viwili vya mawe, halafu kichaka kikashuka, kikawa kama paa la kibanda. Wanawake wakainama, mikono magotini, wakaingia hivyo hivyo hatua nyingi. Calist naye akainama. Mgongo ulimlia. Hapo ndipo akajua kwa nini waliyaita Mkwe: hakuna anayeyafikia bila kuinamisha kichwa, kama mtu aliye mbele ya mkwe wake. Jina alikuwa akilisikia kila kiangazi, na maana yake ameijua leo.

Maji yalikuwa chini ya jabali, meusi na baridi, si mengi. Jesca akasimama, akabonyeza. Akamwonyesha Calist kioo cha kifaa chake: mistari miwili imechorwa, mmoja mfupi, umeishia korongoni. Mwingine mrefu, unapinda.

"Huu mfupi ni tulipokwenda na wewe, babu. Huu ni wa leo. Kilomita tano na nusu."

"Kwenda tu," Dorika akasema. "Kurudi una ndoo kichwani."

Calist akautazama ule mrefu muda mwingi. "Kinaonyesha na waliopita zamani?"

"Hapana, babu. Kinamwonyesha aliyekishika tu."

Walirudi mkutanoni jua limeanza kushuka. Jesca akachora mpaka upya mbele ya watu, ukavuka uzi mweupe, ukazunguka vilima, Mkwe akawa ndani. Vijana waliokuwa wanangoja mashamba upande ule wakanung'unika, wakasema mzee mmoja amewachezea. Calist hakujitetea, walikuwa na haki. Benson akauliza ukurasa wa vyanzo vya maji uandikwe jina la nani kama mwonyeshaji.

"Andika la marehemu," mama mmoja akasema. "Anastazia."

"Hapana," Calist akasema. "Yeye alitaka kunionyesha, nikakataa. Andika Dorika."

Benson akaandika. Kisha akaomba wanaokubali ramani wanyooshe mikono. Ikanyooshwa, mingi. Calist alibaki ameinamisha kichwa, mikono kwenye mapaja.

"Shemeji," Dorika akamwambia, sauti bado kavu. "Mkono."

Akaunyoosha, haukupita sikio.