Kilimia Juu ya Ungo

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, jikoni kwetu tulikuwemo wanne: mimi, mdogo wangu Salma, kitinda mimba wetu Idi aliyekuwa amelala juu ya gunia, na Bibi Mwanaidi, jirani yetu, aliyekuja kuomba moto. Baba na mama walikuwa wameshatutoka. Nilikuwa nimeacha shule ili hawa wawili wale, na jioni ile nilirudi kutoka kulima shamba la watu, mgongo haunyooki. Nakuandikia nikiwa nimechoka vilevile, kwa hiyo nivumilie nikienda polepole.

Huku kwetu Ilongero mashuke ya mbegu tunayatundika juu ya mafiga, moshi uyakinge na wadudu. Hayaguswi mpaka mvua. Hata njaa ikiingia ndani, tunayaangalia tu. Jioni ile nilipoinua macho, kamba ilikuwa tupu.

"Salma, mbegu iko wapi?"

Akanionyesha ungo chakavu wa mama. Alikuwa ameupaka masizi ya sufuria ukawa mweusi tii, akapitisha mkanda wa majivu katikati, akaunga nyota kwa nyota kwa nyaya za redio mbovu. Nyota zenyewe zilikuwa punje, zimebanwa kwa nta. Mwalimu wao wa sayansi alikuwa amewafundisha kwamba nyota za buluu zina joto kali kuliko nyekundu, kisha akawaambia watengeneze anga kwa vitu vya nyumbani. Salma alitumia mtama mwekundu kwa nyota nyekundu. Kwa zile za moto mkali alitumia uwele, maana ule wa kwetu ni wa kijivu kinachovuta kwenye buluu. Alipukuchua mashuke yote akitafuta punje kubwa. Zilizobaki aliziacha nje kwenye sinia, kuku wakazimaliza.

"Dada, kesho naupeleka shule," alisema.

"Na mvua ikinyesha tutapanda nini? Masizi?"

Nikachukua kisu. Nilitaka kuikwangua mbingu yote ile irudi kuwa mbegu.

"Unataka kukwangua nini?" Bibi akauliza. Macho yake yalikuwa yamepofuka zamani, lakini masikio yalikuwa mazima. Nikamweleza. "Lete hapa," akasema.

Nikampa. Vidole vyake vikatambaa taratibu, vikafuata waya, vikasimama mahali penye punje zilizosongamana.

"Hiki si Kilimia?"

"Ndicho, Bibi," Salma akajibu.

Akapapasa tena. "Kila mwaka nauliza watu kama kundi hili la nyota limetoka, ili nijue wakati wa kupanda. Wengine hata hawanijibu. Leo nimekiona mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mjukuu wangu, shule uliiacha kwa lazima. Akili nayo umeiacha? Nta hii ukiichemsha utaiua mbegu. Ukitia kisu utavunja kiini. Utakosa shamba, na mbingu utakuwa umeiharibu."

"Sasa Bibi, mwakani hawa watakula nini?"

"Mbegu ninayo. Njoo asubuhi. Na wewe mwanasayansi, siku nyingine uombe kwanza, ama nitakutundika wewe kwenye moshi!"

Salma akacheka huku analia. Mimi sikucheka. Nilikaa chini, nikaweka kisu, nikahisi uchovu wa miezi yote umenishukia kwa mpigo mmoja.

Nilimwambia Bibi nitamrudishia uwele nikivuna. Akakataa. Alitaka nimtengenezee ungo wake mwenyewe, wenye anga lote, autundike karibu na kitanda apapase anapotaka.

Ungo wa Salma ulifika shule. Baadaye wadudu waliula, lakini yeye alisonga mbele, na leo anafundisha sayansi Rungwa, kwenye nchi ya nyuki. Nta ya kubandikia punje hunitumia kutoka huko.

Mwanangu, ukiwa na kipaji, kumbuka kwamba unachokitumia kinatoka kwenye chungu cha watu wengine, uwaombe. Na ukiwa wewe ndiye unayebeba nyumba, kama nilivyobeba mimi, usishike kisu kabla hujauliza kilichotengenezwa ni nini. Mwenye mzigo huona upungufu tu. Nimeishi hivyo miaka mingi, na hilo halijanipunguzia mzigo hata kidogo. Mungu akupe macho ya kuona kazi ya mwenzako, na siku yatakapochoka, akupe mtu wa kukuongoza vidole.

Ungo wa Bibi bado ninao ukutani. Kila kiangazi nabandika punje chache, kisha kilimo kinanivuta. Kilimia kimekamilika, na mkanda wa majivu. Upande wa kusini bado ni masizi matupu. Bibi Mwanaidi haamki tena kitandani, na nikimpelekea uji, baada ya shikamoo na marahaba, hunyoosha mkono hewani na kuuliza, "Umefika wapi?"