Mraruko si Mkato

Kusoma nimesoma mpaka jina langu tu, lakini neno mraruko nalijua kuliko wengi hapa Heru Juu. Walilikataa, na jirani yangu akaondoka.

Jirani huyo ni Niyomwungere. Wazazi wake walikimbia Burundi, yeye akazaliwa huku, akapata uraia, akalima kando ya shamba la mwanangu Leonidasi. Mimi aliniita mawe, yaani mama kwa Kirundi, kama aliyemzaa. Nyani wakishuka kwenye mahindi, wa kwanza kupiga debe ni yeye. Pombe ya ndizi ikiiva, mrija wake umo chunguni mwangu. Huku kwetu ukitiwa mrija, wewe ni mtu.

Mwaka jana, mahindi yakiwa mabichi, Leonidasi alirudi paja limefumuka.

"Niyomwungere kanikata panga," akasema mbele ya watu.

Walikuwa wamegombania mpaka wa shamba, basi watu wakaamini hata hajamaliza.

Zahanatini, muuguzi Swaumu aliniambia nishike mguu. "Mama, hili ni jeraha la mraruko."

"Ndiyo nini?"

"Panga likikata, kingo zinakaa sawa, kama papai lililopasuliwa. Nyama hii imevutwa mpaka ikachanika. Ona ilivyonyofoka pembeni. Haya ni meno."

Nikamtazama mwanangu. Akageukia ukuta. Nikajua: nyani kamwangusha, naye anaogopa kuchekwa pombeni.

Kwenye mkutano wa kitongoji nikasimama. "Ni mraruko. Nyani huyo. Muulizeni Swaumu."

Shemeji yangu Bazilio akacheka. "Shemeji, udaktari umeanza lini?"

"Siku ulipoanza uhakimu."

Wakacheka, lakini hawakubadili mawazo. Mama gani, wakasema, anamtetea Mrundi na kuiacha damu yake? Damu yangu ilikuwa imekaa palepale, kimya, na bendeji yake kama askari wa vitani.

Jioni hiyo, kwa Bazilio, mrija wa Niyomwungere ulichomolewa chunguni ukavunjwa. Hakupigwa, hakushtakiwa. Ila hakuna aliyekunywa naye tena, wala aliyekwenda kumsaidia kuvuna. Mkewe Dorcas akifika kisimani, wenzake wanajitwika ndoo na kuondoka. Yeye na mumewe wakahamia upande wa Kibondo.

Niyomwungere alikuja kuniaga. "Mawe, nyani hawajahama. Waangalieni."

Nani awaangalie? Mwaka huu wamekula mpaka mabua.

Juzi Leonidasi kaja anachechemea, kasikia harufu ya pombe. "Mama, mrija wangu uko wapi?"

Chunguni mwangu mlikuwa na mirija miwili, wangu na ule niliomwekea Niyomwungere.

"Nenda kamwambie Bazilio ni nini kilikurarua. Ukirudi nitakukatia."

"Mama, mambo yale yameisha."

"Kwa nani?"

Akaondoka. Kwa Bazilio hakufika. Nilimwona akipinda njia ya nyumbani kwake mwenyewe. Pombe ikachachuka, nikaimwaga. Mirija yote miwili nimeiosha.