Makayabu ya Mababu

Jumamosi moja nilivuka mto Lualaba pamoja na wageni kutoka Kinshasa, kwenda kwenye kijiji cha wavuvi Wagenya kuonyeshwa utamaduni wao. Kuonyeshwa mimi! Mimi niliyelala kwenye kijiji hichohicho wakati wa vita, nikala kwenye chungu chao mpaka kuku wao wakanizoea. Wageni walivaa viatu vya kupandia milima, kana kwamba mtumbwi ungetushusha kileleni. Mimi nilivaa kitenge changu na hasira zangu.

Nilikuwa na sababu ya kwenda. Mama alikufa mara tu baada ya sisi kurudi nyumbani Mikelenge, mjini Kindu, na hatuna hata picha yake. Sura naikumbuka. Sauti imenitoka. Kaka yangu anasema ilikuwa nene, dada yangu anasema nyembamba, na wote wawili ni waongo. Nilitaka kumpata mtu mmoja tu pale aliyekumbuka jinsi mama alivyozungumza.

Sikumpata. Mke wa mvuvi aliyetupokea alishakufa. Wazee niliowauliza walitikisa vichwa.

"Wakimbizi walikuwa mingi, mama," waliniambia. "Na wote walikuwa wanalia."

Nikakaa nimenuna, chakula kikaletwa. Samaki waliochomwa ndani ya majani, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, ugali wa moto. Kiongozi wetu, binti wa kijiji ambaye vita hakuviona, akapiga makofi.

"Tugeuke wote. Kupatia mto mugongo njo heshima yetu kwa bankambo."

Wageni wakawapa mababu heshima yao, wakageuka. Nami nikageuka, ndipo nikakumbuka. Mama ndiye aliyekuwa akitugeuza hivyo, sisi na watoto wa pale, kwa sababu tukiwaona askari wa ng'ambo ya mto tulikuwa tunakataa kula.

Kisha kikaletwa kitu kitakatifu, juu ya sahani, chini ya kitambaa cheupe. Makayabu! Samaki wa chumvi, wa baharini, anayefika sokoni Kindu ndani ya katoni. Wagenya, watu wanaozaliwa na nyavu mkononi, wanamwinamia samaki wa dukani! Mgeni mmoja alivua kofia.

Makayabu yule nilimjua. Wakati wa vita samaki wa mto walikuwepo, chumvi ndiyo iliyopotea. Mama alikuwa amekimbia na makayabu mmoja tu, basi akampitisha mkono kwa mkono: unagusisha tonge lako, unapata ladha, unampa jirani. Kuuma ni marufuku. Tulimgusa mpaka akawa laini kama sabuni.

"Inatoka kwa bankambo wa zamani sana," kiongozi alieleza.

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Zamani gani, mtoto wewe? Lakini zamu yangu ilikuwa imefika. Nikalibonyeza tonge kwenye samaki, kwa nguvu kupita kiasi kidogo, na kijiji kizima, wazee kwa watoto, kikapaza sauti kwa pamoja, kikilivuta neno kupitia puani:

"Gusa tuuu, wee mulafi! Kesho iko!"

Alikuwa mama. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinigombeza kila nilipobonyeza sana. Sauti haikuwa nene wala nyembamba. Ilipita puani, imekasirika, imechoka, inatupenda. Nililia palepale, kamasi na yote, huku nacheka. Wageni walinipiga picha, wakaambiana kwamba mizimu imenipanda.

Kiongozi aliniinamia. "Mama, unajua hii desturi?"

"Njo ya bankambo kabisa," nilimjibu. "Musiibadilishe hata kidogo."

Samaki alikuwa ameshafika kwa mgeni aliyevua kofia. Nikanyoosha mkono mbele ya pua yake, nikagusisha tonge mara ya pili, bila zamu, ili nigombezwe tena.