Hisa za Mama Kiwandani Kipawa

Mama yangu alikuwa mwanahisa. Usimfikirie mama wa miwani ya dhahabu na dereva. Wa kwangu alikuwa na sufuria mbili za uji na benchi, nje ya geti la kiwanda kidogo cha sabuni kule Kipawa. Mwenye kiwanda alipotafuta mtaji aliwauzia hisa wafanyakazi na majirani, mama akanunua. Aliyetaka kuuza alitafuta mnunuzi mwenyewe, wakapatana bei, ofisi ikabadilisha jina.

Macho yake yalipoanza kuzibwa na mtoto wa jicho, daktari alisema apasuliwe. Mimi ni mhasibu wa fedha za wengine. Za kwangu hazikai. Nikamwambia auze hisa. Bei ilikuwa imepanda sana, na jirani yetu, muuguzi mstaafu, alikuwa tayari kuzinunua kwa kiinua mgongo chake.

"Siuzi," mama akasema. "Bei yenyewe ndogo."

"Mama, hiyo bei ni kubwa mno! Faida ya kiwanda ni ileile ya miaka yote, bei imepanda mara mbili. Imepandishwa na maneno ya watu tu."

"Wewe unasoma makaratasi, mie ndo nawapikia. Zamani sufuria moja ilikuwa inabaki. Siku hizi mbili hazifiki saa nne. Kiwanda kimeajiri, mwanangu."

Tulibishana wiki nzima, na nakiri nilimpandishia sauti. Alikuwa ananiudhi, yule mama, na nilikuwa nampenda kupita kiasi. Jumamosi nikaenda kukaa naye getini, nimkomeshe kwa ushahidi.

Saa moja asubuhi benchi lilikuwa limejaa. Mama alimimina uji bila kumwaga tone, kiganja kimezunguka kikombe, akisikilizia joto linavyopanda hadi juu. Sikujua kama macho yake yamefikia hapo. Kisha nikawatazama wateja. Walivaa kofia ngumu na vizibao vya rangi ya chungwa. Walikuwa mafundi wa ghorofa lililokuwa likijengwa ng'ambo ya barabara. Wa kiwandani walikuwa saba tu, walewale wa siku zote.

Nilisubiri hadi benchi likawa tupu, nikamshika mkono, nikamwambia polepole wateja wake ni akina nani. Akaanza kufuta vikombe alivyokwisha kuvifuta.

"Nilisikia sauti nyingi," akasema. "Nikajua ni watu wetu."

Nikalia palepale, mtu mzima mimi.

"Hebu nyamaza, watu watadhani uji wangu mbaya," akanitania, akanifuta uso kwa upindo wa khanga yake. Halafu akauliza, "Kwa hiyo ile bei ya uongo?"

"Ya uongo, mama. Thamani yake halisi ni kama nusu. Ndiyo maana nataka uuze leo, kabla watu hawajashtuka. Tukifika wewe usiseme kitu, niachie mimi."

Akafunika sufuria zake, nami nikachukulia kwamba amekubali. Mchana tukaenda kwa muuguzi. Nilimwamkia shikamoo, akatukaribisha kwa furaha. Fedha alikuwa ameshazitoa benki, zipo mezani ndani ya bahasha. Mama hakukaa hata kwenye kiti.

"Dada yangu, hisa hizi zinastahili nusu ya bei tuliyosema," akasema. "Nilikuwa sioni vizuri, nikajidanganya. Mwanangu ndo amepiga hesabu. Huyu tangu mdogo hajawahi kumdanganya mtu."

Muuguzi akanigeukia. "Ni kweli, mwanangu?"

Mama naye alinigeukia, ananitafuta kwa macho yale yaliyofifia, anatabasamu, anajivunia mimi.

"Ni kweli," nikasema, na uso uliniwaka kwa aibu.

Nusu ile ilitosha jicho moja. La pili nililipia mimi, na sijawahi kutoa fedha kwa moyo mkunjufu kama siku ile.