Surua Ilivyokosa Mlango Magara

Nilipokuwa mdogo, sijaota hata unyoya wa ndevu, mtaa wetu hapa Rumonge uliwaka moto. Nyumba zilikuwa za udongo, paa za majani ya mchikichi, na zilibanana hata jirani akipiga chafya wewe ndiye unaitikia. Mama mmoja alikuwa akichemsha mawese uani, yakafurika, yakashika. Upepo wa ziwa ukayadaka. Watu wakakimbia na ndoo, lakini moto ukawa unaruka paa kwa paa kama mbuzi.

Mjomba wangu, fundi wa mitumbwi, akapiga kelele: "Wekeni ndoo chini! Bomoeni mbele yake!" Na mbele yake palikuwa na nyumba ya Feruzi, mshona kofia, mgeni aliyetokea upande wa Uvira, hana mke wala ndugu. Nyumba yake haikuwa na hata cheche. Feruzi alisimama mlangoni, mkononi ameshika kofia ambayo hajaimaliza. Akatazama moto, akatazama nyumba zilizo nyuma yake, ya kwetu ikiwa mojawapo. Kisha kofia akaitia mfukoni, akachukua jembe, akawa yeye wa kwanza kuvuta paa. Wengine wakamfuata. Moto ulipofika ukakuta udongo mtupu. Ukanguruma kidogo, ukafa. Mimi nilidhani umeona haya.

Habari ya Feruzi ina mkia, nitausema nisipousahau. Shule niliiacha mapema, na mwalimu wangu alikuwa akisema hadithi zangu zina mkia mbele na kichwa nyuma.

Sasa miaka mingi imepita, na moto ule sikuufikiria tena mpaka mwaka huu, kiangazi, simu ilipolia. Alikuwa Zuhura, mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Ameolewa na mvuvi huko Magara, na ana mtoto wa kike wa miezi mitano, Salma, kitukuu changu cha kwanza.

"Babu, agasama imeingia huku ufukoni."

Warundi wanasema agasama, sisi Waswahili tunasema surua, na kwa jina lolote mimi naijua. Ilipita kwetu zamani na kuacha mikeka mitupu katika nyumba nyingi. Nikavaa kofia, nikachukua fimbo, nikasema naenda kumleta Salma Rumonge, hata kama nitambeba kwa meno.

Kutoka Rumonge nilipata lifti kwenye lori la mawese. Dereva, Melkiyadi, alilelewa Tanzania, wazazi wake walikuwa wakimbizi huko, kwa hiyo Kiswahili chake kimepigwa pasi kuliko changu. Alinipandisha mbele, bidoni, yale madumu ya mafuta, zikigongana nyuma.

Tulipofika Kizuka tulisimama kuongeza bidoni. Michikichi huko imesimama mpaka mlimani, na harufu ya mawese mabichi inakushika kooni. Nikamweleza dereva safari yangu. Akasema, "Mzee, kule Magara waganga wa kituo cha afya wana sindano za surua. Jana nilibeba sanduku lao la barafu."

"Sindano?" nikashtuka. "Surua ikiwa ndani ya ufuko?"

Hapa msomaji nikueleze, maana kijana wa leo atacheka. Sisi tulilelewa hivi: surua ikisikika, mtoto anafungiwa gizani, hatajwi, na sindano haimkaribii. Bibi zetu walisema sindano inaurudisha upele ndani, na ukirudi ndani unaula moyo. Kwa hiyo siku ile ugonjwa unapotajwa ndiyo siku watu wanafunga milango, na mganga akija na dawa anakuta makomeo. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanda lori nikiwa na komeo hilo kichwani.

Magara tulifika jua likiwa kali. Ziwa lilikuwa limetulia, upande wa pili milima ya Kongo ikionekana kama moshi. Kawaida saa hizo ufuko ni kelele tupu: wanawake wanaanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, juu ya nyavu, wachuuzi wanagombana, watoto wanaiba samaki wabichi na kukimbia. Siku hiyo wanawake walikuwepo, ndagala walikuwepo, watoto hakuna. Mtoto mmoja tu nilimwona, msichana wa miaka tisa hivi, amesimama mlangoni kwa jirani, na mgongoni kwake amefungwa Salma wangu, analala mdomo wazi.

"Huyo ni Aisha, wa Ramazani," Zuhura akaniambia, akipangusa magamba mikononi ili anisalimie. "Ndiye ananibebea mutoto nikiwa kwa samaki. Karibu, babu. Umekonda."

"Sikukonda. Funga vitu, tunaondoka."

"Hatuondoki."

Akanivuta hadi kwenye banda la mnada wa samaki. Palikuwa na meza, sanduku la bluu, na mganga mwanamke, mnene, mwenye sauti ya kuuza samaki wa mukeke, anaitwa Esperansi. Mbele yake watu wa kuhesabika, na wengi walikuja kutazama tu.

"Amahoro, muzee," akasema. "Wewe ndiye unataka kupeleka mutoto Rumonge? Kama ameshapumua ile kitu, utaipeleka Rumonge naye. Huko hauna majirani?"

Nikawaza watoto wa mtaa wetu. Nikamwambia basi mchanje Salma, ingawa bibi yangu alikuwa ananikemea kutoka kaburini.

"Huyu bado mudogo. Tunaanzia miezi sita, tena ju ya ugonjwa kuwa karibu. Siku za kawaida ni miezi tisa."

"Sasa yeye atakingwa na nini?"

Esperansi akanyoosha kidole. Hakuelekeza kwenye sanduku. Alielekeza nyumba, mlango kwa mlango, zilizofungwa. "Na hao. Surua haina miguu, muzee. Inapanda mutoto, inashuka kwa mutoto mwingine. Wakichanjwa wote wanaomuzunguka, itafika kwake kwa njia gani?"

Ndipo nilipouona moto wa utotoni. Niliuona kabisa, mchana kweupe, ukiruka paa kwa paa kutoka nyumba za mwisho wa ufuko, ambako walikuwa wameshaugua, ukija kwa Zuhura. Na mbele ya Zuhura palikuwa na nyumba moja.

Nyumba ya Ramazani ilikuwa imefungwa. Ramazani ni mkubwa wa kikosi cha taa, wale wanaofunga mitumbwi miwili pamoja na kuwaita ndagala kwa mwanga. Ufukoni pale, Ramazani akisema leo ziwa baya, hakuna anayetoka. Na alikuwa amesema leo sindano mbaya. Watoto wake wanne walikuwa ndani. Aisha tu alikuwa anaruhusiwa kusimama kizingitini kwa sababu ya Salma.

Alitoka akijikuna, usingizi wa mvuvi bado machoni. "Muzee wa Rumonge! Umekuja kufundisha samaki kuogelea?"

"Nimekuja kuomba."

"Omba ndagala, nitakupa. Batoto yangu hapana. Mudogo wangu alikufa na surua kule ng'ambo. Walimupiga sindano asubuhi, jioni akafa. Nilimushika mimi. Hukukuwepo."

Ufuko mzima ulisikia. Esperansi alikuwa ametufuata, na akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya: hakubishana. Alisema, "Pole, Ramazani. Alikuwa anaugua tayari?"

"Siku nyingi. Macho yalifunga kabisa."

"Basi sindano ilimukuta surua imeshamukamata. Hii yangu haiko dawa ya mugonjwa. Hii inataka kufika mbele yake."

Ramazani akageuza uso kuelekea ziwani. Mimi nikamsimulia moto. Nilimsimulia vibaya, nikachanganya mjomba na mawese, lakini nilipofika kwa Feruzi akauliza, "Nyumba haikuwa inaungua?"

"Hapana."

"Na akabomoa?"

"Alivuta wa kwanza."

"Mujinga."

"Labda. Mimi nilikuwa nyuma ya mujinga huyo, ndiyo maana leo naweza kukusumbua. Ramazani, mimi sikuombi ju ya batoto yako peke yao. Tazama mulangoni."

Akatazama. Aisha alikuwa anamtikisa Salma mgongoni, anamwimbia kitu kwa Kirundi, pua ya Salma iko shingoni mwake. Mtoto wake ndiye aliyekuwa anambeba wangu tangu asubuhi hadi jioni. Kama surua ingekuja, ingekuja imepanda mgongo huo.

"Amuweke chini, basi," akasema Ramazani, lakini polepole.

"Nimuweke wapi?" Zuhura akadakia kutoka kwenye ndagala. "Juu ya nyavu, nimwanike?"

Watu wakacheka, na Ramazani akacheka bila kutaka. Kisha akaacha kucheka. Alikaa juu ya ukingo wa mtumbwi, akawatazama tena wale wawili mlangoni. Akainuka, akafungua mlango wote, akasema kwa ile sauti ya ziwani, "Tokeni! Mutakaa kwa magoti yangu mimi. Mukikufa, mutakufa na mimi nimewashika." Maneno mabaya, lakini baba mwenye hofu hana mengine.

Katika banda nilisogea kuona. Jamani. Chupa yenyewe unaweza kuificha ndani ya ngumi ya mtoto. Esperansi akaniambia mle ndani mna surua yenyewe, iliyodhoofishwa, inaingizwa ili mwili uijue sura. Nikamwambia, kumbe ni kama kumwonyesha mbwa mwizi aliyefungwa kamba. Akacheka, akasema utanifanyia kazi hiyo, muzee, kaa hapa uwaambie. Na ile chupa imetoka nchi gani sijui, imepanda ndege, imepanda gari, imepanda lori la Melkiyadi kati ya bidoni za mawese, na njiani kote haikuruhusiwa kuona joto, katika ziwa hili ambapo hata jiwe linatoka jasho. Watu wasiotujua wameibebea baridi mkono kwa mkono ili ifike kwenye bega la Aisha. Nimeona mengi. Sikuwahi kuona kitu kidogo hivyo kimetunzwa na watu wengi hivyo.

Aisha hakulia. Mdogo wake alilia kwa niaba ya ukoo. Na nyuma yao nikasikia makomeo: kra, kra, kra. Ufuko ulikuwa unautazama mlango wa Ramazani. Ulipofunguka wa kwake, wanawake wakatoka na watoto wenye macho ya giza, wakipepesa kama vifaranga. Foleni ikapita banda, ikapita mitumbwi, ikafika barabarani.

Wiki iliyofuata nilibaki Magara, maana miguu ilikataa kuondoka kabla ya moyo. Adhuhuri moja Ramazani akaja kwa Zuhura mbio, amembeba Aisha. "Muzee, mutoto iko na moto! Ulisema nini wewe? Ulisema nini?" Alinishika kanzu. Bibi yangu kaburini akasema, nilikwambia.

Tulikwenda kwa Esperansi, wakati huo akiwa kwenye kituo chao juu ya barabara. Akampima, akamtazama macho na mdomo ndani, akasema, "Niliwaambia siku ile, hamukusikia. Wengine wanapata joto kidogo baada ya wiki. Mwili unajifunza. Mupe maji, dawa hii ya joto, na kama hapungui kesho murudi." Ramazani alikaa na mtoto siku ile yote na hakwenda ziwani, na kikosi kizima kikalala njaa bila kulalamika. Kesho yake asubuhi Aisha aliomba ubugali. Akala, akauliza Salma yuko wapi.

Surua ilikaa Magara mpaka mwezi ulipojaa, taa zikawa bure, na mitumbwi ikapumzika. Kule mwisho wa ufuko iliumiza watu, sitadanganya. Mtoto mmoja tulimzika. Ikasogea nyumba mbili, tatu. Kisha sisi tukawa tunaingoja na haiji. Nilikuwa nikikaa mlangoni na fimbo yangu kama ningeipiga. Siku moja nikagundua watoto wanaiba ndagala tena, na wanawake wanawatukana, na kumbe imeisha. Hakuna aliyeiona ikiondoka. Hii ndiyo iliyonishinda kusema: moto unapofia mbele yako unaona majivu, lakini surua iliyokosa mlango haiachi hata alama. Salma alikuwa anatoa jino.

Siku ya kurudi Rumonge, Melkiyadi akipiga honi barabarani, nilipita kwa Ramazani kumshukuru. Alikuwa anashona wavu.

"Murakoze, Ramazani."

"Ya nini?"

"Ya Salma."

"Muzee, Salma hakuugua."

"Ndiyo hiyo."

Alinitazama kama mtu anayetazama wavu uliotoka na jiwe. Kisha akainama juu ya kazi yake, lakini masikio yalimwiva kwa haya. Akanipa ndagala wakavu, mfuko mzima, ambao Melkiyadi alikula nusu kabla ya Kizuka.

Njiani ndipo nilipoukumbuka mkia wa Feruzi. Asubuhi baada ya moto kila mtu alikuwa anashukuru nyumba yake. Tulipika, tulisoma dua, watu walisifu mjomba, wakasifu upepo kwa kugeuka. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini kwetu, kizingiti kizima, nakula muhogo. Feruzi alitafuta mkeka wake katika udongo, akaukung'uta, akaukunja. Akaitoa ile kofia mfukoni, akaitazama, akaivaa hivyo hivyo haijaisha, uzi ukining'inia sikioni. Akapita mbele yangu, akashika barabara ya ziwa kuelekea kusini. Hakuna aliyemwita. Alitembea tu, akaenda, na hakurudi tena.