Mashine Iliyogoma Katikati ya Kichwa

Mwanamke aliyenyoa kichwa chake mwenyewe hadi kikameta, eti kiwe kibao cha biashara, huyo usishindane naye. Kibao cha mbao kinataka rangi na mchoraji. Yeye chake alitembea nacho, akakiogesha kila asubuhi, na mvua ikinyesha hakikufutika. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kipara, naye akaitika kama vile ndilo jina alilopewa na mama yake.

Kipara alikuwa kinyozi, tena kinyozi wa wanaume. Chumba hakuwa nacho. Alikuwa na kiti kimoja cha plastiki kwenye kibaraza cha fundi viatu, shuka la kumfunga mteja shingoni, na mashine ndogo ya kuchaji. Kibarazani hapakuwa na umeme, kwa hiyo mashine ililala nyumbani kwenye chaja na kuamkia kazini. Enzi zake ilinyoa vichwa kumi na tano bila kukohoa. Mwaka huu ikashuka hadi vitano, kisha hadi vitatu, na Kipara akawa anachagua wateja wenye vichwa vidogo.

Sasa asubuhi hiyo likaja jitu moja lenye buti zinazong'aa na kofia iliyokaa wima. Alikuwa mkubwa wa walinzi wa yale maghala ya barabarani. Watu wote walimwita Afande, hata mke wake.

"Wewe ndiye Kipara?"

"Kwani Afande unaona nywele?"

Hakucheka. "Walinzi wangu wako kumi na wawili. Kesho saa mbili asubuhi watakuwa wamepanga mstari uwanjani. Wanyolewe namba moja, vichwa vyote sawa. Wakitoka safi, kila mwisho wa mwezi kazi ni yako. Akibaki hata mmoja na nywele zake, nawapeleka kwa yule wa kona mwenye viti vya kuzunguka."

"Yule ana viti vya kuzunguka, Afande. Mimi nazunguka mwenyewe."

Hapo masharubu ya Afande yalitikisika kidogo. Akaondoka.

Kipara alibaki amesimama, mashine mkononi. Miaka minne anasubiri mtu aje na kazi ya kudumu, si wateja wa leo yupo kesho hayupo. Akamgeukia fundi viatu, mzee mmoja mnene aliyekuwa anashona soli huku uzi ukining'inia mdomoni.

"Fundi, kaa hapa nipashe mkono moto. Bure."

Neno bure lilimfanya fundi aache kiatu cha watu kifudifudi. Akakaa, akafungwa shuka, akafumba macho kama mtoto anayelishwa. Upande wa kulia ukateremka vizuri. Mashine ikafika utosini, ikasema *ngriii*, ikasema *ngri*, ikanyamaza.

"Mbona kimya?" fundi akauliza.

"Inapumzika."

"Inapumzika kwangu? Haikuona kichwa kingine?" Akajipapasa. Kulia kweupe, kushoto msitu. "Dada Kipara! Mimi leo nimekukosea nini?"

"Tulia, nitakumalizia na wembe."

"Wembe wako naujua! Mwaka jana ulinipunguzia sikio. Nitasubiri mashine, hata kama ni mpaka mwezi ujao." Akavaa kofia yake ya sufu, jua linawaka vile, akarudi kwenye kiatu akinung'unika.

Kipara akakimbilia kwa kijana wa kutengeneza simu, kibanda cha tatu. Yule bwana mdogo aliigeuza mashine mara mbili, akainusa, sijui alitafuta harufu gani. "Hii haifunguki, dada. Tupa, nunua nyingine." Na kweli kwenye kabati lake zilikuwa mpya tatu, zimejipanga zinamtazama Kipara. Kwa bei yake ungenunua kondoo.

Akarudi nyumbani ameuma meno. Uani alimkuta wifi yake, dada wa mume, mwanamke mwenye ulimi usiokuwa na breki, anapaka rangi ya kucha.

"Wifi, leo umerudi saa nne? Wanaume wameisha nywele?"

"Mashine imekufa."

"Pole. Tunazika lini?"

Kipara aliweka mashine juu ya beseni lililogeuzwa, akaitazama kwa hasira, ndipo akaona: nyuma, chini ya karatasi ya maandishi iliyobandikwa, palikuwa na skrubu mbili. Haifunguki, eti! Kumbe asiyefunguka ni yule kijana. Akahakikisha haiko kwenye chaja, akatafuta bisibisi nyembamba kwenye sanduku la mume wake aliyekuwa safarini, akafungua. Ganda likabanduka, *tak*.

Ndani alikuta nywele za mtaa mzima. Chini ya nywele, betri mbili fupi kama vidole, zimebanwa na vibati vya shaba. Hazikuunganishwa kwa risasi ya kuyeyusha, zimekaa tu kama zile za tochi. Moja ilikuwa imetoa ukungu mweupe kichwani.

"Usizitoe bado!" wifi akapiga kelele, macho yamemtoka. Kazi ya kusimamia haikuwahi kumpita. "Utajua zilikaaje?" Akachukua rangi yake ya kucha, nyekundu ya kuwaka, akadondosha nukta kwenye plastiki pale kila betri ilipoelekeza kichwa chake. "Haya, ng'oa. Lakini ukimaliza utaninunulia chupa nyingine."

"Nukta mbili tu, wifi!"

"Nukta zangu hizo."

Dukani kwa muuza vifaa vya umeme Kipara aliingia na betri kuukuu zimefungwa kwenye kitambaa. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akavaa miwani, akasoma herufi moja moja. "Ukubwa huu ninazo za aina mbili. Hizi rahisi ni za tochi. Ukizitia kwenye chaja zinavuja, na zinaweza kupasuka. Hizi ni za kuchaji, na namba yake ni ileile ya za kwako. Unataka zipi?"

"Nataka za kunyoa walinzi kumi na wawili."

"Basi ni hizi." Akazipokea zile kuukuu, akazitupa kwenye ndoo yake ya betri mbovu.

Saa sita mchana Kipara alikuwa kibarazani tena, ganda wazi mapajani, fundi viatu anachungulia kwa jicho la upande wenye nywele. Akapiga brashi nywele juu juu. Kisha akafanya jambo ambalo mtu asiye kinyozi asingelifanya. Kinyozi ukimfundisha jambo moja tu la mashine, ni hili: paka mafuta. Meno paka mafuta, skrubu paka mafuta, ikilia paka mafuta, isipolia paka mafuta isije ikalia. Basi Kipara akachota ile grisi yake nzito kwa kidole na kupaka vibati vya shaba, vyote vinne, kwa upendo kabisa. Akapachika betri mpya kufuata nukta nyekundu. Akafunga. Akabonyeza swichi.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akaipiga kofi. Akaigeuza. Akaomba. Kimya kilekile. Kipara akakaa chini sakafuni, akaona viti vya kuzunguka vya yule wa kona vinazunguka ndani ya kichwa chake, na walinzi kumi na wawili wamekaa juu yake wanampungia mikono.

"Basi tena," akasema kwa sauti ndogo. "Nitamwambia Afande awapeleke huko."

Fundi viatu alikuwa anahangaika na soli iliyokataa kushika. Akaivuta, akaitazama, akatema mate pembeni. "Huyu mteja ni dereva wa wapi huyu? Kiatu kimelowa grisi. Gundi haishiki kwenye mafuta hata ulie. Lazima nisugue mpaka kikauke."

Kipara akainua uso. "Umesemaje?"

"Nimesema huyu mteja..."

Lakini Kipara alishashika bisibisi. Akafungua, akatoa betri, na hapo akaiona aibu yake kwa macho: vile vinywele laini alivyoviacha vimenasa kwenye grisi, vimefanya zulia nene kati ya betri na shaba. Umeme upite wapi? Akachukua ile spiriti ya kusafishia meno ya mashine, na mswaki mkuukuu, akasugua kila kibati mpaka kikang'aa kama buti za Afande. Akakausha kwa kitambaa, akapuliza pembe zote, akangoja harufu ya spiriti iishe. Akapachika. Akafunga skrubu mbili.

*Ngriiiiiiii!*

Fundi viatu aliruka, kofia ikamtoka, na mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na ndoo akasimama kutazama kichwa kile cha pande mbili. "Mungu wangu! Baba, uliugua?"

"Pita zako!" fundi akafoka. "Dada Kipara, nimalizie kabla sijaitwa mwendawazimu!"

Akammalizia. Nyumbani mashine ikaingia kwenye chaja, na wifi akaweka kiti karibu, eti ailinde isije ikapata moto mwingi, akawa anaigusa kila mara kama mgonjwa wa homa.

Asubuhi saa mbili walinzi walikuwa mstarini. Kipara akaanza na yule mrefu. Wa tatu alikuwa na shingo yenye mikunjo mitatu. Wa nane alisinzia, wakamshikilia kichwa. Mashine ililia sauti ileile, wala haikushuka. Kwa wa kumi na mbili chombo kikasonga vilevile, nywele za mwisho zikadondoka, naye akafunua shuka kama anayefunua meza ya harusi.

Afande akapita mstari mzima mikono nyuma. Akapitisha kidole kwenye visogo. Alipofika mwisho akageuka, akavua kofia. Chini yake kulikuwa na kichwa kilichonyolewa kwa mkasi, vidaraja vidaraja kama ngazi ya msikiti.

"Mke wangu ndiye aliyeninyoa," akasema kwa sauti ya chini. "Ukimaliza na mimi, andika tarehe ya mwezi ujao ukutani pale getini, wasije wakapanga zamu siku hiyo."

"Kaa, Afande," Kipara akamwambia, akakung'uta shuka. "Na usicheze shingo."